Kabla ya kutoa cheti, lipimeni jiko

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: klabu za huduma kwa jamii hapa Nairobi zinazotaka kuwatuza vijana wabunifu, na vijana wenyewe wanaotuzwa. Tumechagua sita.

SWALI: Klabu yetu hukutana kila Jumanne jioni na tumetenga shilingi 300,000 za kuwatuza vijana watano walio chini ya miaka 25. Mwaka jana tuliziandikia shule barua, tukapokea maandishi mazuri sana, lakini karibu yote yalitoka shule za ada kubwa na vitu vingi vilikuwa bado michoro. Tulikosea wapi? – *Katibu wa klabu, Buruburu*

JIBU: Ndugu Katibu, mlipata mlichoomba. Barua inayoomba insha hujibiwa na wanaojua kuandika insha. Kijana anayekunja mabati Kamukunji au anayefunga upya waya za mota kule Kariobangi Light Industries hana mwalimu wa kumsahihishia sentensi, na barua yenu haikumfikia.

Andaeni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mkubali pia majibu ya sauti kwa WhatsApp. Maswali matano yanatosha. Kitu hiki kinafanya nini? Nani anakitumia leo, na tangu lini? Kimeharibika mara ngapi, na kwa nini? Vifaa viligharimu pesa ngapi? Nani mwingine alisaidia kukiunda?

Swali la tatu ndilo linalopepeta pumba. Mtu aliyeunda kitu kweli ana orodha ndefu ya yaliyomshinda. Mfano mzuri ni Richard Turere, aliyekulia kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kubuni taa za kuwafukuza simba wakati akiwa bado mtoto. Alianza na moto, akagundua kwamba unawasaidia simba kuona ndani ya boma. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba waliogopa, wa pili wakatambua kwamba haisogei. Ni baada ya kuzunguka boma na tochi ndipo alipoona kwamba wanachoogopa ni mwanga unaotembea. Hapo akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya jua, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika, akazipanga ziwake kwa kupokezana. Mwaka 2013 alilieleza hilo kwenye jukwaa la TED. Mkipata fomu yenye historia ya namna hiyo, mtembeleeni mwenyewe upesi.

Tafuteni watu kupitia wanaowaona vijana wakihangaika. Muuzaji wa vipuri vya umeme pale Luthuli Avenue anamjua kijana anayerudi kila Jumamosi kununua transista mbili. Walimu wa vyuo vya ufundi stadi, machifu, makanisa, misikiti na wazee wa vikundi vya jua kali nao wana majina. Kila mwanachama wa klabu alete fomu mbili kutoka mtaa asioishi.

Punguzeni washindi wawe watatu. Shilingi 300,000 kwa watu watano, ukitoa gharama za sherehe, huishia kuwa nauli na fremu ya picha. Jipeni wiki kumi: tatu za kupokea majina, moja ya kuchuja, tatu za kwenda kuona kitu kikitumika, moja ya jopo, na mbili za kuandaa siku yenyewe. Zile wiki tatu za kutembea msizipunguze hata mkibanwa vipi. Nendeni bila kupiga simu siku ileile asubuhi, na mzungumze na mtumiaji kijana akiwa hayupo. Kama mashine imefunikwa turubai na ina vumbi, mmeshapata jibu.

Waamuzi wawe watano, na angalau wawili wasiwe wanachama. Mmoja awe fundi wa kazi yenyewe, mwingine awe mtu wa kukitumia hicho kitu: mama mboga, mlinzi, muuguzi, yeyote kinayemhusu. Desturi ya kuchanganya kazi ni ya kale katika klabu hizi. Rotary, mtandao mmoja wa klabu za namna hii, ulipoanza Chicago tarehe 23 Februari 1905, walioketi walikuwa wakili, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Nairobi ikapata klabu yake mwaka 1930. Mkiwa na wakili, mhasibu na mhandisi mezani, msaada wao wa saa kumi kwa mwaka unaweza kumfaa kijana kuliko kikombe. Mwanachama ambaye mtoto wake au mfanyakazi wake ameshindana atoke chumbani, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Alama mia tungezigawa hivi: kitu kufanya kazi, 30, watu wanaokitumia na manufaa wanayopata, 30, urahisi wa kukitengeneza kikiharibika kwa vipuri vinavyopatikana hapa, 20, usalama, 15, maelezo ya mdomo, 5. Mkiyapa maelezo alama 25, kama klabu nyingi zinavyofanya, atashinda anayesema Kiingereza kizuri.

SWALI: Mimi ni mmoja wa waamuzi. Kijana mmoja ameleta jiko la makaa analosema linatumia nusu ya makaa ya jiko la kawaida. Tunajuaje kama ni kweli? – *Mhasibu, Lang'ata*

JIBU: Pimeni. Ni kazi ya siku mbili na haihitaji maabara.

Tafuteni mizani ya kidijitali inayobeba kilo 10 na kusoma gramu, kipimajoto cha maji, saa, karai la chuma na sufuria moja ya lita saba. Lazima sufuria iwe moja kwa majiko yote, kwa sababu upana wa kitako unabadilisha matokeo. Nunueni gunia moja la makaa kwa muuzaji mmoja, mlianike juani, mchague vipande vya ukubwa wa yai la kuku. Makaa yenye unyevu hupoteza moto kwa kukausha maji yake yenyewe. Na tafuteni jiko la kulinganisha: jiko la kawaida lenye udongo ndani, ambalo watu wa mtaa wanalitumia, lililo katika hali nzuri. Kulinganisha na jiko bovu la bati tupu ni kumpendelea kijana bila yeye kuomba.

Jambo moja huwapotosha waamuzi: wanangoja nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi. Anayengoja 100 ataunguza makaa yote na kuandika kwamba jiko limeshindwa. Chemsheni maji kwanza, msome kipimajoto yanapotokota kwa nguvu, na namba hiyo ndiyo iwe kiwango chenu.

Kisha anzeni. Jiko liwe baridi. Pimeni gramu 600 za makaa na muwashe kwa njia ileile kila mara, kwa mfano kwa vijiko viwili vya mafuta ya taa. Makaa yakishika, wekeni sufuria yenye kilo 5 za maji ya bomba, bila kifuniko, na muandike saa na joto. Yakichemka, andikeni saa tena, halafu funga mlango wa hewa kiasi ili maji yakae nyuzi tatu hivi chini ya kiwango kwa dakika 45. Dakika hizo 45 ni muhimu kwa sababu chakula chetu kikubwa, githeri na maharagwe, hupikwa kwa moto mdogo wa muda mrefu, na jiko kali la kuchemsha haraka huweza kushindwa hapo. Mwishoni mwageni makaa yaliyobaki kwenye karai mlilokwisha kulipima likiwa tupu, pimeni upesi, halafu pimeni na maji yaliyosalia. Msipime jiko zima na makaa ndani yake: udongo mpya hutoa unyevu ukipata moto, na gramu hizo zitahesabiwa kana kwamba ni makaa yaliyoungua.

Rudieni mara tatu kwa kila jiko, mkiliacha lipoe kabisa kila mara. Tuseme jiko la kawaida limetumia wastani wa gramu 380 na la kijana gramu 290. Tofauti ni gramu 90. Gawanya kwa 380, unapata karibu asilimia 24. Hiyo si nusu, lakini ni akiba kubwa kwa mama anayenunua makaa ya mkebe kila jioni, na ndiyo namba ya kuandikwa. Kama vipimo vitatu vya jiko moja vinapishana kwa zaidi ya gramu 40 hivi, tafuteni upepo uliopita au makaa yaliyobadilika kabla ya kumlaumu yeyote.

Baada ya hapo mpeni jiko mpishi asiyemjua kijana, apike ugali wa kilo moja ya unga. Hapo ndipo utaona kama miguu inayumba mwiko ukisongwa. Majiko mengi mazuri ya maabara huanguka kwenye ugali.

Fanyeni yote haya nje au kwenye banda lililo wazi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Jiko linalobana hewa ili kuokoa makaa laweza kuitoa kwa wingi zaidi. Kopeni au nunueni kipima hewa hiyo kabla ya kulisifu jiko lolote hadharani, na kama kinalia kwenye chumba chenye dirisha wazi, msilituze jiko hilo mpaka lirekebishwe.

SWALI: Nimeunda mashine ya kukata plastiki vipande vidogo. Klabu fulani inataka niionyeshe kwenye sherehe. Rafiki zangu wananiambia nikiionyesha nitaibiwa na sitapata hataza tena. – *Fundi kijana, Kariobangi*

JIBU: Ndugu fundi, rafiki zako wako sahihi kwa sehemu. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, hutolewa kwa kitu kipya, na kipya maana yake hakijawekwa hadharani popote duniani. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 inakupa nafuu: ukikitangaza wewe mwenyewe, una miezi 12 ya kupeleka ombi. Nchi za Ulaya hazikupi nafuu hiyo. Kwa hiyo, kama una matumaini ya soko la nje, ombi litangulie sherehe.

Ombi hupelekwa kwa taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, KIPI, iliyoko South C. Linahitaji maelezo ya namna mashine inavyofanya kazi, michoro, muhtasari mfupi, na madai. Madai ndiyo moyo wa ombi, maana yanasema hasa ni kipi unachokimiliki. Wengi huandika "mashine ya kukata plastiki" na kukataliwa, kwa kuwa mashine za namna hiyo zipo tele. Jiulize kipya chako ni kipi: pembe ya visu? Namna chujio linavyotoka bila kufungua nati? Hicho ndicho uandike, na kama klabu ina wakili, saa zake mbili ziende hapo.

Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Kwa uboreshaji mdogo wa chombo kilichopo kuna cheti kingine cha miaka 10, chenye masharti mepesi zaidi, na mara nyingi hicho ndicho kinachomfaa fundi wa jua kali. Programu ya kompyuta iko chini ya sheria ya hakimiliki, ambayo ni mlango mwingine. Na kama uliiunda mashine ukiwa umeajiriwa na ni kazi uliyotumwa, isome mikataba yako kwanza: bila makubaliano mengine, mwajiri ndiye mwenye haki.

Tusikufiche maoni yetu: si kila kitu kinahitaji hataza. Kama nguvu yako iko kwenye bei na huduma, pesa hizo zinaweza kukufaa zaidi ukinunua chuma bora cha visu. Nzambi Matee, aliyetuzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020 kwa matofali ya kutandika yaliyotengenezwa kwa mchanga na taka za plastiki hapa Nairobi, hakuwa mtu wa kwanza duniani kufikiria kuchanganya plastiki na mchanga. Kazi kubwa ilikuwa kupata uwiano, joto na mashinikizo yanayotoa tofali lisilovunjika, kisha kulitengeneza kwa wingi.

Siku ya sherehe onyesha mashine ikikata, kifuniko kikiwa kimefungwa. Waamuzi watakaoona ndani watie sahihi karatasi ya kutunza siri kabla ya kifuniko kufunguliwa, si baadaye.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15 na amechaguliwa na klabu. Wanataka picha zake kwa mitandao, na shule inasema hundi iandikwe kwa jina la shule. Nifanyeje? – *Mama wa mwanafunzi, Kayole*

JIBU: Hongera, Mama, na hongera kwa binti. Yote mawili yana jibu.

Picha na habari za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Omba karatasi, usome, na ukate usilolitaka. Unaweza kukubali picha ya sherehe na kukataa jina la pili, mtaa au shule kutajwa. Usikubali video inayoonyesha nyumba yenu au njia anayopita kwenda shule. Ruhusa ukiitoa leo unaweza kuiondoa kesho, na karatasi iseme hivyo.

Pesa ni za aliyetuzwa. Fungua akaunti ya mtoto benki, wewe ukiwa mwangalizi wake. Utahitaji cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako, namba yako ya kodi ya KRA na picha. Hundi iandikwe kwa akaunti hiyo. Kama shule ilitoa karakana au mwalimu alikesha naye, ni haki washukuriwe, lakini klabu iwape zawadi yao mbali: vifaa vya maabara, kwa barua inayosema hivyo. Mwambie katibu wa klabu haya kabla ya siku ya sherehe. Hundi ikishaandikwa ni kazi ngumu kuirudisha, na anayebaki na aibu ya mvutano ni mtoto.

Na kama binti yuko karibu na mtihani, omba tarehe isogezwe. Klabu yenye nia njema itasogeza.

SWALI: Je, tutoe pesa taslimu au vifaa? Wanachama wamegawanyika. – *Mweka hazina, Ngara*

JIBU: Vyote, kwa vipimo. Pesa taslimu pekee humezwa na kodi ya nyumba na karo za wadogo zake, na hilo si kosa la kijana. Ana njaa kama watu wengine. Vifaa pekee navyo vina tatizo lake: klabu hununua mashine ya kuchomelea kwa mtu aliyehitaji dirili.

Tuchukue zile shilingi 300,000 za Buruburu. Sherehe 45,000, katika ukumbi wa kanisa au wa kaunti na si hoteli. Ziara za waamuzi 25,000. Ufuatiliaji 20,000. Zinabaki 210,000, yaani 70,000 kwa kila mmoja wa washindi watatu. Katika hizo, 40,000 ni za vifaa, na mwanachama mmoja aende dukani pamoja na kijana: yeye anachagua, klabu inalipa na kutunza risiti. 20,000 ni za vipimo, usajili au muda wa mashine kwenye karakana kama Gearbox au FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi. 10,000 zilizobaki mpeni mkononi na msimuulize alizifanyia nini.

Hizo 20,000 za ufuatiliaji ndizo wanachama hutaka kuzikata kwanza. Zilindeni. Ni nauli ya kumtembelea kila mshindi mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, mkiuliza swali lilelile la fomu: kimeharibika mara ngapi, na kwa nini?

SWALI: Mshindani wetu ameunda kifaa cha kuwapasha joto watoto wachanga. Tukionyeshe kikifanya kazi? Na cheti tuandike nini? – *Mwenyekiti wa kamati, Kasarani*

JIBU: Kionyesheni kikipasha chupa ya maji, kamwe si mtoto. Kifaa cha tiba hakigusi mgonjwa kabla ya idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na kabla ya kuuzwa kinapita kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mtuzeni kama mbunifu wa sampuli, mlitumie neno hilohilo kwenye hotuba na kwenye matangazo, la sivyo mzazi aliyekata tamaa atampigia simu usiku akikitaka.

Siku yenyewe leteni waya wa umeme wenu wa mita 20 na betri ya akiba, na mkijaribu kifaa ukumbini saa mbili kabla ya wageni. Vifaa vingi "hukataa" jukwaani kwa sababu soketi moja imebebeshwa spika, projekta na birika la chai. Kijana azungumze kwanza, dakika nne, wageni wa heshima wafuate.

Kwenye cheti acheni maneno kama "kwa mchango wake mkubwa". Andikeni kilichopimwa: "Sampuli hii ilipasha lita mbili za maji hadi nyuzi 37 na kuzishikilia hapo kwa saa sita, umeme ukiwa umekatika mara mbili," tarehe, na sahihi za waamuzi watano. Karatasi hiyo ataipeleka benki, chuoni au kwa mfadhili, nao watakuwa na kitu cha kumuuliza.